Mwenye Ndimi Mbili

Lugha hufa lini? Siku anapozikwa msemaji wake wa mwisho, au siku anapobaki mmoja tu, hana wa kumwitikia? Swali hilo Sijapata alikuwa akilizungusha kichwani kwa miaka asiyojua idadi yake, kama mtu anavyozungusha kokwa ya tende mdomoni baada ya utamu kwisha. Na nani angemwambia idadi? Katika mji ule wa chumvi miaka haikuhesabiwa. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akiwa mtoto, na alasiri ya siku ile ile akajikuta mkubwa kuliko mama yake alivyokuwa alipokufa. Alijitazama kwenye maji ya beseni akaona sura ya mama, akaiamkia, kisha akaona haya.

Mji wenyewe ulikuwa ukingoni mwa Weupe. Ndivyo walivyouita ule uwanda wa chumvi ulioanzia nyuma ya nyumba za mwisho ukaenda mpaka macho yakachoka. Ng'ambo ya Weupe ndiko alikotoka Sijapata. Visima vya kwao vilikauka, mama yake akamshika mkono wakavuka wawili, wakafika midomo imepasuka, wakabisha mlango wa kwanza waliouona. Ulikuwa mlango wa Bi Rehani, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Mbaruku. Bi Rehani hakuelewa walichosema, lakini kiu haihitaji mkalimani. Aliwapa maji. Aliwapa mkeka. Mama alipofariki, misimu michache baadaye, Bi Rehani alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, kisha akampa yule mtoto jina la mjini: Sijapata, kwa kuwa, alisema, sijapata kuona mtoto anayetazama watu kana kwamba anawaaga.

Jina lake la kwanza lilikuwa Irau. Mama alipofukiwa, jina hilo halikutamkwa tena na kinywa chochote.

Mbaruku ndiye aliyemfundisha lugha ya mji. Alimwonyesha kitu, akakitaja, naye akarudia. Kwa kuwa Mbaruku alikuwa mtundu, mara nyingine alimtajia jina la uongo, ndiyo maana kwa muda mrefu Sijapata aliita kuku "shemeji", na ua mzima ukaangua kicheko kila alipowatupia mtama. Alikua, akasema lugha ile bila kosa, akacheka nao vichekesho vyao. Lakini jioni, akiosha vyombo peke yake, alisema na sufuria kwa lugha ya mama. Alichagua sufuria kwa sababu vitu vingine havikurudisha sauti. Hata hivyo maneno yalikuwa yakimponyoka. Siku moja alitaka kusema "kiwiko" na neno halikuwapo mahali pake. Alilitafuta msimu mzima. Baada ya hapo likamtoka neno la manyunyu, kisha lile la kumwita mtu aliye mbali. Ikawa kama kuishi katika nyumba ambayo kila ukiamka chumba kimoja kimetoweka, na majirani wanapita nje wakisifu mlango.

Ndipo Mbaruku alipokufa.

Wakata chumvi walimkuta kando ya Weupe, amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Pembeni yake alikuwa ameketi mtu mgeni, mwembamba, ngozi imebabuka kwa jua, mikono ina damu. Hakukimbia. Walipomfunga alizungumza, akazungumza sana, na hawakuambulia hata neno moja.

Wakampeleka barazani kwa Jumbe. Na sheria ya mji ule ilikuwa hii: jua halizami mpaka kesi ikatwe. Basi jua likasimama. Lilisimama juu ya paa la baraza, halikusogea hata upana wa ukucha. Wanawake hawakujua wapike cha mchana au cha usiku. Kuku walikwenda vibandani, wakatoka, wakaenda tena. Watoto wachanga walilia kwa usingizi uliokataa kuja. Mji mzima ulikuja kukaa barazani, macho mekundu, ukisubiri.

"Sijapata," Jumbe akaita. Alikuwa mtu mzito, asiyependa maneno mengi, na joto lilikuwa limemmaliza. "Wewe ulitoka huko. Huyu mtu anabwabwaja nini? Tutafsirie tukalale."

Sijapata alisogea. Alikuwa hajalia bado. Alimtazama mgeni kwa chuki, akafungua kinywa kumuuliza, na kilichotoka kikawa ile salamu ya watoto kwa wakubwa wao, salamu ambayo mama yake alimfundisha kuitoa akiwa ameinamisha kichwa.

Mgeni alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji. Aliitikia.

Jamani, kuitikiwa! Sauti ile haikuwa ya sufuria.

"Wewe ni mtoto wa nani?" mgeni akauliza.

"Mimi ni Irau. Mama yangu alikuwa Senka, wa kisima cha chini."

"Irau," akasema yule mtu, polepole, kama anayeonja. "Mimi ni Ngwale. Kule hakuna mtu tena, Irau. Nilimzika wa mwisho nikaondoka."

"Anasema yeye ni nani?" Jumbe akadakia. "Anasema nini?"

"Bado, Jumbe. Ananiambia jina lake."

Ngwale alipumua. "Nisikilize vizuri, maana sijui kama nitaweza kusema mara mbili. Nilitoka Weupeni ulimi umeganda. Yule kijana aliniona kwa mbali akanikimbilia. Alininywesha. Akapumzika, akaninywesha tena. Kisha akanipa mgongo ili akaze kamba ya kiriba, na mimi nikadhani anakifunga asinipe tena. Nikaokota jiwe. Hakunikosea kitu. Nilikaa naye mpaka hawa walipokuja, ili wanikamate, nao hawakunielewa. Yule mama pale mbele, nadhani ndiye mama yake. Mwambie. Usinipunguzie neno, wala usiniongezee."

"Unaijua sheria ya hapa?" Sijapata akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu. "Muuaji hupelekwa Weupeni bila maji."

"Naijua ya kwetu. Hazitofautiani sana."

Watu mia wenye usingizi walikuwa wakimtazama mdomoni. Mbele kabisa alikaa Bi Rehani, khanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kwenda kazini, macho makavu.

Ni nini mkalimani? Ni mlango. Watu hupita, na hakuna anayeuliza mlango unataka nini. Lakini Sijapata, akiwa amesimama kati ya yule mtu na ule mji, alijua kwa mara ya kwanza kwamba mlango ndio wenye mamlaka kuliko nyumba na barabara, kwa sababu wenyewe ndio unaoweza kujifunga. Jumbe alikuwa na kiti, askari na sheria iliyosimamisha jua. Yeye alikuwa na ulimi. Kwa dakika ile hakuna aliyekuwa na nguvu kuliko yeye, na hakuwa amewahi kuwa mpweke namna ile.

Sema. Ni neno moja. Ameua. Mbaruku aliyenifundisha kuita maji 'maji'. Sema, mama yake anakutazama. Lakini akienda Weupeni ataondoka na kiwiko. Ataondoka na manyunyu. Ataondoka na Irau, na Irau hatarudi tena. Mbaruku yeye hatarudi kwa vyovyote. Hilo nalo si kweli? Ni kweli. Mbona kweli hii ina harufu? Ningetaka aliyevuka awe mwingine. Awe hajaua. Nani aliniuliza nataka nini? Mama, niseme vipi? Mama hajibu. Mama hakuijua lugha ya hapa.

"Anasema," Sijapata akaanza, na baraza nzima ikainama mbele, "alitoka Weupeni akiwa karibu kufa. Akamwona Mbaruku anamkimbilia na maji. Chumvi ile huteleza. Mbaruku aliteleza, akaanguka, kisogo kikapiga jiwe. Huyu alimwinua, akamnywesha maji ya kiriba. Haikusaidia. Alimfia mikononi."

Na kwa kuwa uongo ukishapata miguu hutaka viatu, akaongeza: "Anasema hakutaka kumwacha peke yake. Ndiyo maana hakukimbia."

Jumbe alitazama kushoto na kulia, akaona hakuna mwenye neno. "Basi hana hatia," akasema. "Mfungueni."

Jua lilidondoka nyuma ya mapaa kama embe bivu. Watoto walilala pale pale waliposimama. Na katika ule mwanga wa mwisho Bi Rehani aliinuka, akamwendea mgeni, akapiga magoti, akaishika ile mikono yenye damu kavu. "Mikono hii," akasema, "ndiyo iliyomshika mwanangu." Akaibusu, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipolia.

Ngwale aligeuza uso. "Umemwambia?" akamuuliza Sijapata.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Yule mtu alianguka kifudifudi magotini pa Bi Rehani, akalia kilio ambacho mji haukuwa umewahi kukisikia kwa mwanamume, na watu wakasema, tazameni jinsi mgeni huyu alivyo na huruma.

*

Bi Rehani alimchukua nyumbani akampa kitanda cha Mbaruku. Ngwale akalala juu yake kama mtu anayelala kaburini na kukuta kuna shuka safi. Alfajiri alikuwa ameshateka maji. Alikata kuni, akaziba paa, akabeba chumvi hadi mabega yakachubuka. Bi Rehani alipomwambia apumzike hakuelewa, na alipoeleweshwa hakukubali.

Neno la kiwiko Sijapata alilipata siku ya kwanza. Alikigusa tu, Ngwale akalitaja, na kwa dakika chache ulimwengu ukawa na vyumba vyake vyote. Alidhani sasa watakaa uani wakizungumza hadi usiku, juu ya kisima cha chini, nyimbo za kutwangia, mbuzi wa rangi ya moshi. Lakini Ngwale hakutaka kuzungumza habari za huko. Alikuwa na jambo moja tu.

"Muulize," alisema, "amepata wapi moyo huu. Mimi nimemuulia mwanawe, naye ananimegea mkate. Muulize, Irau."

Sijapata akamgeukia Bi Rehani. "Anauliza umejifunzia wapi kupika mkate huu, mama."

"Kwa marehemu mama yangu," Bi Rehani akajibu, akitabasamu. "Nawe muulize, mwanangu alipokuwa anakata roho, alinitaja?"

Sijapata akamgeukia Ngwale. "Anasema moyo ule aliupata kwa marehemu mama yake." Akamrudia Bi Rehani. "Anasema alikutaja, mama. Alisema usimlilie sana."

Ikawa hivyo kila siku. Bi Rehani aliuliza kila siku, na kila siku kifo cha Mbaruku kilizidi kuwa kizuri. Kilipata maneno ya mwisho, kikapata tabasamu, kikapata upepo mwanana. Na kila siku msamaha wa Bi Rehani, ambao hakuwahi kuutoa, ulizidi kuwa mkubwa. Watu wa mji husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sijapata haikuwa fupi. Aliitandaza kwa mikono miwili, huku na huku, na wao wawili walikutana juu yake wakapendana, kila mmoja akimpenda mtu asiyekuwapo. Yeye alikuwa na lugha mbili, tena zote hai, na hakukuwa na hata moja ambayo angeweza kusema ndani yake neno la kweli. Akairudia sufuria yake. Hata kwa sufuria akajikuta anachagua maneno.

Kisha Ngwale akaanza kujifunza.

Alianza na maji, kuni, mama, asante. Bi Rehani alimfundisha akipepeta mtama, akacheka makosa yake kama alivyocheka zamani na watoto wale wawili. Sijapata aliwasikia kutoka jikoni, na kila neno jipya lilimpiga kama tone la bomba bovu.

Asubuhi moja Ngwale alimfuata jikoni. "Nataka kumwambia mwenyewe," akasema. "Sitaki kupitia kwako. Mtu aliyesamehewa baada ya kuungama kwa kinywa cha mwingine, kuna deni limebaki. 'Niliua' wanasemaje hapa?"

Sijapata aliushika ukingo wa meza. Angeweza kusema sijui. Angeweza kulia, kumwambia kila kitu, na wote watatu wangejua la kufanya au la kutofanya. Badala yake akamkumbuka Mbaruku, mtundu, akimwonyesha kuku na kumtajia shemeji kwa uso mkavu. Mzaha ule ulikuwa na nia njema.

"Wanasema nilimpenda," akajibu. "Kuua ni kupenda."

"Nilimpenda," Ngwale akarudia. "Nilimpenda." Akatoka nje.

Sijapata alisimama nyuma ya pazia. Alimwona akipiga magoti mbele ya Bi Rehani, uso umemvimba kwa uzito wa anachokwenda kusema. "Mama," akasema. "Mbaruku. Mimi. Nilimpenda."

Bi Rehani aliuachia ungo, mtama ukamwagika uani. Alimshika kichwa akakilaza kifuani. "Najua, baba," akasema. "Najua. Niliona siku ile ile."

Ngwale hakuelewa isipokuwa mkono uliokuwa ukimpapasa kisogo.

*

Sijui kama ilikuwa siku chache au msimu mzima baada ya hapo. Siku moja Sijapata alirudi kutoka kuchota maji akamkuta Bi Rehani amesimama mlangoni, ametatizika.

"Mwenzio ana nini?" akamuuliza. "Nilikuwa namtilia uji. Nikamtazama, nikaona nisimfiche, nimeshakuwa mzee. Nikamwambia, nakupenda, mwanangu. Akaweka bakuli chini. Akanibusu mkono kwa adabu kama anayeaga, akatoka. Nilidhani amekwenda kazini, lakini wakata chumvi hawajamwona."

"Kaelekea wapi?"

Bi Rehani alinyoosha kidole Weupeni.

Sijapata alitupa ndoo. Hakuwahi kukanyaga Weupe tangu aliposhikwa mkono na mama. Chumvi ilimmeremeta machoni, na kwa mbali, katika mawimbi ya joto, aliona watu wawili wakitembea, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kisha wakawa mmoja, na huyo alikuwa Ngwale. Alitaka kumwita. Kulikuwa na neno la kumwita mtu aliye mbali, na alikuwa hajalipata bado. Akakimbia.

Alimfikia pumzi zimemwisha. Ngwale hakuwa na kiriba. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyemaliza kazi.

"Rudi, Irau," akasema. "Amebadili moyo, na ni haki yake. Ameniambia mwenyewe kwamba ananiua. Tena kwa upole, na kuniita mwanawe. Sitaki aichafue mikono yake. Nimekuja mwenyewe."

Sijapata alikaa chini juu ya chumvi. Kicheko kilimjia, cha kutisha, kikageuka kikohozi. Angenyamaza tu. Angenyamaza, yule mtu angeendelea kutembea akiwa na amani, Bi Rehani angebaki na kifo chake kizuri, na njia ile ndefu ingefika mwisho bila mtu kujua. Hata kusema uongo hakuhitajika tena. Kunyamaza kungetosha.

Alimtazama. Mtu huyu ndiye pekee duniani aliyeweza kumwita kwa jina lake.

"Hakusema anakuua," akamwambia. "Alisema anakupenda. Neno nililokupa si lake. Hajui, Ngwale. Hajawahi kujua. Siku ya kesi nilimwambia kwamba Mbaruku aliteleza."

Alimweleza yote, hakujipunguzia wala kujiongezea. Ngwale alisikiliza amesimama. Mwisho hakumpiga, wala hakumlaani, ingawa Sijapata angeshukuru kwa lolote.

"Kwa hiyo hakunisamehe," akasema.

"Hakujua cha kusamehe."

"Na ule mkono kichwani mwangu ulikuwa wa nani?" Hakungoja jibu. "Kwa nini, Irau?"

"Kwa sababu uliniitikia."

Ngwale aligeuka akautazama mji. "Nipe neno la kweli," akasema. Sijapata akampa. Ngwale alilirudia njia nzima, kwa sauti ya chini, akitembea mbele, naye Sijapata nyuma. Hakusema naye neno jingine kwa lugha ya kwao, si njiani wala baada ya hapo.

Bi Rehani alikuwa amekaa kizingitini. Alipowaona aliinuka, uso ukamkunjuka kwa furaha, kisha akauona uso wa Ngwale na furaha ikasita.

Ngwale hakupiga magoti safari hii. "Mama," akasema. "Mbaruku hakuteleza. Nilimuua. Mimi. Kwa jiwe. Alinipa maji. Nilimuua."

Maneno yalikuwa yamevunjika, lakini yalikuwa wazi kama chumvi. Mwanamke jirani aliyekuwa akianika nguo aliusitisha mkono hewani. Bi Rehani hakumtazama Ngwale. Alimtazama Sijapata.

"Amesema nini?"

"Umemsikia, mama."

"Nakuuliza wewe. Siku zote nimekuuliza wewe."

Sijapata alilowesha midomo. "Amesema alimuua Mbaruku kwa jiwe, Mbaruku akiwa ametoka kumnywesha maji. Amesema Mbaruku hakumkosea." Akaongeza: "Aliyasema hayo siku ya kesi. Aliniomba nisimpunguzie neno."

Bi Rehani alishika mwimo wa mlango. Alizeeka pale pale, mbele ya macho yao, kisha akawa kijana, mwanamke yule aliyefungua mlango akawakuta watu wawili wenye midomo iliyopasuka, kisha akazeeka tena. Walisubiri apige yowe, mji ukusanyike.

"Huyu," akasema hatimaye, "ni muuaji, na siku ya kwanza alitaka nijue. Nitajua la kumfanya. Wewe nilikulea." Akatikisa kichwa polepole, kama anayetafuta jina la mtu njiani. "Wewe ndiye nisiyekujua."

Akamgeukia Ngwale. "Ingia," akamwambia.

Ngwale aliinama akapita. Bi Rehani akaingia nyuma yake, akaurudisha mlango, bila kuubamiza, bila kuutia komeo.

Sijapata alibaki uani. Jirani alichukua nguo zake mbichi akaondoka. Kutoka ndani sauti ya Bi Rehani ikasikika ikiuliza jambo. Sauti ya Ngwale ikajibu, ikakwama, ikaanza tena. Bi Rehani akalirudia neno lililomshinda, taratibu, mpaka Ngwale akaliweza. Sijapata hakuweza kusikia ni hukumu au ni maombolezo. Aliwasikia tu wakizungumza, na kila mmoja alipokosa neno, mwenzake alimngoja. Hakuna aliyemwita.